Harusi Kigali, wageni Kahama: Kadi ya mwaliko haimvushi mtu mpaka

Ukumbi umelipiwa, MC amepatikana, na sare ya kitenge imechaguliwa kwenye kundi la WhatsApp baada ya mabishano ya siku nne. Harusi ni Kigali. Wageni wa upande wa bwana harusi wako Kahama, Katoro, Geita mjini na vijiji vya Shinyanga.

Swali ambalo mara nyingi halijaulizwa kwenye kikao hata kimoja ni hili: bibi yake bwana harusi ana pasipoti?

Vijana wanaofanya kazi migodini au wanaofuata mzigo nje ya nchi wanazo. Wasiokuwa nazo ni bibi, baba mkubwa na shangazi, yaani watu ambao harusi bila wao inakuwa sherehe tu. Ndiyo maana maandalizi ya wageni wa harusi ya nje ya nchi yanatakiwa yaanze na wazee. Vijana watajipanga.

Hapa tumetumia safari ya Kahama hadi Kigali kama mfano, kwa sababu ndiyo inayowahusu wengi wa kanda hii. Ukielewa hii, za Kampala, Bujumbura na Nairobi hazitakusumbua.

Kwa nini Kigali?

Ukikaa barabarani Kahama kwa saa moja tu utaona malori yenye namba za Rwanda na Burundi. Isaka, mkoani Shinyanga, kuna bandari kavu inayohudumia mizigo ya nchi hizo mbili. Kutoka hapo barabara inapita Kahama, Ushirombo, Nyakanazi, Lusahunga na Benaco, inafika Rusumo. Anayetoka Geita anapita Katoro, Bwanga na Biharamulo, kisha anaungana na barabara hiyohiyo.

Palipo na biashara watu huzoeana, na wakizoeana wanaoana. Kwa hiyo kadi ya harusi ya Kigali kufika Kahama si jambo la ajabu. Shida ni kwamba kamati nyingi zinaipanga kama harusi ya Mwanza.

Kitambulisho cha NIDA hakitoshi

Hili linawachanganya watu wengi. Mtu amesikia kwamba Afrika Mashariki siku hizi watu wanavuka na vitambulisho vya taifa. Ni kweli, lakini huo ni mpango wa Kenya, Uganda na Rwanda, ulioanza mwaka 2014. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo.

Mtanzania anayekwenda Rwanda hahitaji kuomba viza. Anahitaji hati ya kusafiria, na hapo njia ni mbili:

1. Pasipoti. Ile ya kielektroniki iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ada yake ni Sh150,000. Inadumu miaka 10.

2. Hati ya safari ya dharura. Inatolewa na Uhamiaji kwa muda mfupi, na watu wengi huitumia kwenda nchi jirani. Ada yake ni ndogo kuliko ya pasipoti. Kwa bibi ambaye pengine hatasafiri tena nje ya nchi, hii inaweza kumtosha kabisa. Muulize ofisa wa Uhamiaji kama inafaa kwa nchi mnayokwenda na kwa tarehe zenu za kwenda na kurudi.

Fomu ya pasipoti inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji. Ukimaliza unapata namba ya malipo, unalipia, unaichapa fomu na kuipeleka ofisini pamoja na viambatanisho. Mwombaji lazima afike mwenyewe kwa sababu anachukuliwa alama za vidole. Hapa usimwambie mjukuu aende kwa niaba ya bibi, haiwezekani.

Hesabu pia safari yenyewe ya ofisini. Kutoka Kahama hadi Shinyanga mjini ni kama kilomita 100, na mzee anayetoka kijijini ana kipande kingine kabla ya kufika Kahama. Nauli hiyo, na siku nzima ya mtu wa kumsindikiza, viwekwe kwenye mpango.

"Mama Kulwa" si jina la pasipoti

Angalia orodha ya wageni ya kamati yako. Utakuta imeandikwa Mama Kulwa, Shangazi wa Katoro, Mzee wa Mashine, Bamkubwa Bukombe. Kwa kukusanya michango orodha hiyo inatosha. Kwa kuvuka mpaka haifai hata kidogo.

Kazi ya kwanza ya katibu wa kamati ni kuandika upya orodha hiyo kwa majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

Ukifanya hivyo ndipo utakapoona matatizo. Majina ya Kisukuma yanaandikwa kwa namna nyingi. Kwenye NIDA kuna Ng'wana, kwenye cheti cha kuzaliwa Ngwana, kwenye kadi ya kliniki Mwana. Mwingine NIDA ina jina la ubatizo, cheti kina jina la kwao. Mama aliyeolewa anatumia jina la mume kanisani na la baba kwenye hati.

Kutofautiana huko kunaweza kusimamisha maombi ya pasipoti hadi mtu apeleke hati ya kiapo, au arekebishe taarifa zake NIDA au RITA. Marekebisho yanachukua muda. Ukiligundua miezi minne kabla, ni usumbufu tu. Ukiligundua wiki mbili kabla, bibi anabaki nyumbani.

Wazee wengi pia hawana cheti cha kuzaliwa kwa sababu walizaliwa nyumbani, zamani, mbali na ofisi yoyote. Usikate tamaa mapema. Nenda ofisi ya Uhamiaji na uulize ni viapo gani vinakubalika kwa mtu wa aina hiyo, yeye mwenyewe na wazazi wake. Mwandae pia mzee kisaikolojia: anaweza kuulizwa alizaliwa wapi, wazazi wake walitoka wapi, mtemi au mwenyekiti wake alikuwa nani. Ofisa anathibitisha uraia, hamtuhumu.

Harusi ni sababu halali ya safari

Mwombaji wa pasipoti huulizwa sababu ya safari. Kwa hiyo kadi ya mwaliko isisubiri kuchapwa mwezi wa mwisho. Kamati itoe mapema barua fupi ya mwaliko yenye majina ya maharusi, tarehe, mahali, na namba ya simu ya mwenyeji wa Kigali. Kila mgeni abaki na nakala yake, itamsaidia Uhamiaji na itamsaidia mpakani akiulizwa anakwenda kwa nani.

Watoto wa kubeba maua

Mtoto naye ni msafiri. Anahitaji hati yake, na maombi yake yanaambatana na ridhaa ya wazazi. Kama mtoto anasafiri na shangazi huku wazazi wamebaki Geita, abebe barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi pamoja na nakala za vitambulisho vyao. Barua ya namna hii inaokoa maswali mengi, maana maofisa wa mpakani wako macho na usafirishaji haramu wa watoto, na wako sahihi.

Nani analipia?

Hapa ndipo kikao kinapokuwa kimya.

Bajeti ya harusi zetu ina mapambo, keki, picha za mnato na video, muziki, vinywaji na gari la maharusi. Mstari wa "hati za wazee" haupo. Kila mtu anadhani familia itajua yenyewe.

Chukua wazee 4 ambao hawana pasipoti. Ada peke yake ni Sh600,000. Ni hela, lakini linganisha na kiasi ambacho kamati imetenga kwa mapambo ya meza kuu. Ukimuuliza bwana harusi achague kati ya maua ya meza na bibi yake kukaa kwenye hiyo meza, jibu lake unalijua.

Pendekezo letu ni hili: hati za wazee waliotajwa na familia ziingie kwenye bajeti ya kamati, na zilipwe kutoka kwenye michango ya kwanza kabisa. Wageni wengine wajilipie, lakini waambiwe hivyo mapema, kwa kiasi kinachojulikana. Mgeni akiambiwa miezi minne kabla kwamba safari itamgharimu pasipoti, nauli, malazi na mchango, atajipima. Akiambiwa vipande vipande, atasema "nitajitahidi", na kwetu unajua maana yake.

Kabla ya kupanga tarehe, angalia kalenda ya Rwanda

Mambo mawili yanawashangaza Watanzania.

La kwanza ni umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi, Wanyarwanda hufanya kazi za pamoja za kijamii, na shughuli za mjini pamoja na magari husimama hadi saa 5 asubuhi. Harusi nyingi ni Jumamosi. Kama yenu imeangukia siku hiyo, basi lenu lisipange kuwa barabarani asubuhi hiyo. Ingieni Kigali Ijumaa.

La pili ni wiki inayoanza tarehe 7 Aprili. Ni wiki ya kitaifa ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Muziki na sherehe husimama. Tarehe za harusi hazipangwi humo, na mgeni aliyeko Rwanda wakati huo anatakiwa ajue yuko kwenye msiba wa nchi nzima.

Gari: mlango uko upande gani?

Wengi watakodi Kosta au basi. Kabla ya kulipa kishika uchumba, muulize mwenye gari mambo haya:

- Ana kibali cha LATRA kinachoruhusu safari hiyo?
- Ana Kadi ya Njano ya bima? Hii ni bima ya gari inayotambulika katika nchi zilizo kwenye mpango wa COMESA. Bima ya kawaida ya ndani haitoshi ukivuka.
- Kadi ya gari ipo? Kama dereva si mwenye gari, ana barua ya mwenye gari?
- Dereva mwenyewe ana pasipoti? Usicheke. Abiria 28 wanaweza kuwa na hati zote, dereva hana.
- Dereva amewahi kuendesha Rwanda?

Swali la mwisho lina sababu. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia, kwa hiyo ukivuka Rusumo unabadili upande. Barabara za kule zina kamera za mwendo, na mwendo wa "tuwahi ukumbini" unaishia kwenye faini.

Kuna jambo jingine dogo ambalo ni la hatari. Mlango wa Kosta zetu uko kushoto. Ukisimama pembeni mwa barabara ya Rwanda, mlango huo unafungukia katikati ya barabara, kwenye magari yanayopita. Mwekeni kijana mmoja wa kusimama mlangoni kila gari linaposimama. Wazee na watoto wasishuke hadi yeye aseme.

Kadi za njano ziko mbili

Mkisikia "kadi ya njano" msichanganye. Ya gari ni ile ya bima. Ya mtu ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Uganda hudai cheti hicho kwa wanaoingia, na Tanzania nayo huwadai wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo. Kwa Rwanda na kwingine, uliza Idara ya Afya au ofisi ya mpakani wiki chache kabla, kwa sababu masharti ya afya hubadilika kulingana na hali ya magonjwa. Kanda hii tunaijua hali hiyo. Rwanda ilikuwa na mlipuko wa Marburg kuanzia Septemba 2024, na Januari 2025 Tanzania ilithibitisha ugonjwa huo Biharamulo, ambako barabara yetu inapita. Milipuko yote miwili ilitangazwa kumalizika, lakini kupimwa joto na kuulizwa maswali ya afya mpakani ni mambo ya kawaida.

Chanjo ya homa ya manjano inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Ukichomwa leo ukavuka kesho, cheti hakijaanza kufanya kazi. Habari njema ni kwamba kikishatambulika ni cha maisha. Kwa waliozidi miaka 60, wajawazito na watoto wachanga, muoneni daktari kwanza. Chanjo hii si ya kumchoma kila mtu bila kuuliza.

Rusumo panakuwaje?

Rusumo ni kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Aprili 2016 pamoja na daraja jipya juu ya Mto Kagera. Maana ya "pamoja" ni kwamba husimami mara mbili. Ukielekea Rwanda unavuka daraja, unamalizana na maofisa wa Tanzania na wa Rwanda katika jengo moja upande wa pili.

Angalia hili linavyoathiri msafara. Asiyekuwa na hati hagunduliki Benaco. Anagundulika wakati wote mmeshavuka daraja, saa zinakwenda, na basi zima linamsubiri mtu mmoja ambaye hawezi kuendelea. Kwa hiyo kagueni hati kabla ya gari kuwashwa Kahama. Mtu mmoja apite kiti hadi kiti, aione pasipoti kwa macho yake. Jibu la "ipo kwenye begi" lisikubaliwe.

Na kwenye kila msafara hutokea mjuaji wa kusema kuna njia ya kupita bila usumbufu. Njia za panya msizikubali. Aliyeingia bila muhuri amevunja sheria za nchi mbili, na kutoka kwake kutakuwa kugumu kuliko kuingia. Hakuna familia inayotaka kwenda kumtolea bibi dhamana badala ya kucheza kwaito.

Saa inarudi nyuma

Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Kadi ikisema ibada ni 14:00, hiyo ni saa 8 mchana ya Kigali, ambayo nyumbani ni saa 9.

Simu nyingi zinajibadilisha zenyewe. Saa ya mkononi ya baba mkubwa haibadiliki. Wakati wa kwenda mnapata saa moja ya bure. Wakati wa kurudi mnaipoteza, kwa hiyo mkitoka Kigali saa 12 asubuhi, jueni nyumbani tayari ni saa 1. Kutoka Rusumo hadi Kigali peke yake ni kama kilomita 160 za milima na kona.

Pesa na simu

Rwanda wanatumia faranga. Pesa iliyo kwenye simu yako inatolewa kwa wakala wa Tanzania, na kule huyo wakala hayupo. Toa unachohitaji kabla ya kuvuka, kisha badilisha kwenye duka rasmi la fedha za kigeni. Wale wa kukufuata na bunda mkononi waache.

Uliza mtandao wako gharama za kupiga na kutumia intaneti ukiwa Rwanda kabla hujatoka. Njia rahisi kwa msafara ni watu wawili au watatu kununua laini za kule, na namba hizo kuwekwa kwenye kundi.

Tahadhari moja kwa wenye makundi: usitume picha ya pasipoti wala namba ya NIDA kwenye kundi la watu 200. Mtumie katibu peke yake.

Zawadi: dhahabu, ng'ombe na mfuko wa rambo

Sisi ni watu wa dhahabu, na mjomba anayechimba anaweza kutaka kumpa mpwa wake kipande. Pete iliyovaliwa kidoleni haina shida. Dhahabu ghafi ni jambo jingine kabisa. Kuipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa, na linaweza kuwageuzia wote safari. Mjomba aiuze kwenye soko la madini hapahapa, kama lile la Geita lililofunguliwa mwaka 2019, kisha atoe zawadi ya fedha au anunue pete.

Ng'ombe hai, nyama, mbegu na mazao vina vibali vyake vya afya ya mifugo na mimea. Kama mlipanga kubeba gunia la mchele wa Kahama au michembe ya bibi, ulizeni mpakani mapema. Wengi wanaona ni rahisi zaidi kupeleka fedha.

Mifuko ya plastiki Rwanda ilipigwa marufuku tangu mwaka 2008, muda mrefu kabla yetu ambao tuliipiga marufuku Juni 2019. Zawadi iliyofungwa kwa nailoni inaweza kufunguliwa mpakani. Tumieni karatasi, kitambaa au kapu.

Dawa za wazee

Dawa za presha na sukari zibebwe za siku zote za safari na nyingine za akiba, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, chini kwenye buti hapana. Usitegemee bima ya afya ya nyumbani kulipia hospitali ya Kigali. Tengeni fungu la dharura, na ajulikane mtu mmoja anayelishika.

Mkishafika

Kabla ya kanisani kuna sherehe ya kuomba na kutoa mahari, wanaita gusaba na gukwa. Wasemaji wa pande mbili hujibizana kwa mafumbo na utani, na ng'ombe wanatajwa sana. Msukuma hapo atajisikia yuko nyumbani. Chagueni msemaji anayejua kukaa na kusikiliza, na muwe na mkalimani wa Kinyarwanda, maana utani usiotafsiriwa unaweza kuonekana ni ugomvi.

Mjini Kigali bodaboda hubeba abiria mmoja, na abiria huyo anavaa kofia ngumu. Mshikaki wa Katoro hauna nafasi kule.

Kama harusi si Kigali

*Kampala:* mnapita Biharamulo, Bukoba na Mutukula. Saa ni ileile, mnaendesha kushoto kama nyumbani. Cheti cha homa ya manjano ni lazima.

*Bujumbura:* mnavukia Kabanga. Saa inarudi nyuma moja na mnaendesha kulia, kama Rwanda.

*Nairobi:* wengi wa kanda hii hupitia Mwanza na Sirari. Saa ileile, kushoto kama kwetu.

Zote zinahitaji hati ya kusafiria.

Wasioweza kwenda

Kuna bibi ambaye magoti yake hayawezi basi la siku nzima. Kuna ambaye kiapo kimekwama. Msimfiche hadi siku ya safari. Akijulikana mapema, kamati inaweza kuhamishia kwake kilicho chake: baraka zitolewe kwake nyumbani kabla ya msafara, maharusi wafike wenyewe kama wanaweza, au send-off ifanyike Kahama naye akiwa mbele. Video ya simu wakati wa ibada ni nyongeza nzuri, ila haichukui nafasi ya mkono wake kichwani kwa mjukuu.

Ujumbe wa kutuma leo

Nakili huu, jaza, utume kwa kila mgeni:

> Shikamooni wazee, habari ndugu. Harusi yetu ni Kigali, tarehe ____. Kila anayesafiri, pamoja na watoto, anahitaji pasipoti au hati ya safari ya dharura. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakivushi. Tafadhali mtumie katibu (____), si kwenye kundi: majina yako matatu kama yalivyo NIDA, na kama una pasipoti, tarehe inayoisha. Mwisho ni tarehe ____. Wazee wafuatao watagharamiwa hati na kamati: ____. Wengine kila mmoja anajilipia. Nauli ni Sh____, malazi Sh____. Kama huna uwezo wa kusafiri tuambie bila aibu, tukupangie nafasi kwenye shughuli ya nyumbani.

Majibu yakianza kuingia, pigieni simu kwanza wale ambao hawajajibu na wamezidi miaka 60. Huenda hawana simu ya kusomea ujumbe huo.